Ufunguo wa Geti Namba Mbili

Mmeniomba, waheshimiwa, nitaje jina na kazi.
Jina, Shaame Kombo Ngwali, wa Makombeni.
Kazi, mlinzi wa geti namba mbili, bandari ya Mkoani,
miaka ishirini na mmoja,
ingawa tangu Mfunguo Nne
sikujua kazi naifanya mie au inafanywa na kioo.

Zamani ufunguo ulikuwa huu.
Upitisheni, mwauone. Wa shaba, meno matatu, moja limelika.
Niliuvaa shingoni kwa uzi wa mshipi,
mke wangu akilalamika unanuka kutu hadi kitandani.
Aliyepita nilimjua kwa mwendo:
huyu Mize wa Chokocho na beseni lake la maandazi,
huyu kijana wa Wambaa, kaficha petroli
kwenye dumu la mafuta ya nazi.
"Leo hupiti," nikamwambia, "na mamako ntamwambia."
Ndio ulikuwa ukaguzi.

Sisemi ulitosha.
Nimeapa hapa, sitaficha: kuna usiku
yalipita magunia nisiyoyauliza,
na kesho yake wanangu wakala nyama.

Basi wakaja, na mashine zao,
na mkataba wa kurasa tisini
ambao siye tulioneshwa jalada.
Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Ya kwanza tulimpa chai.
Ya pili tulimpa ofisi ya juu, yenye kiyoyozi.
Ya tatu tukampa ufunguo,
jembe tukabaki nalo wenyewe.

Geti sasa halina tundu, lina jicho.
Jicho likiona kitu hupeleka picha ng'ambo,
na huko mtu nisiyemjua, katika mji nisioujua,
hubonya, likafunguka.
Akienda kula, twasubiri ashibe.

Nifike kwenye siku yenyewe.
Boti ilimleta Bi Time Hamad kutoka Mnazi Mmoja,
amekwisha kutibiwa kwa njia ile isiyorudiwa.
Kaburi limeshachimbwa Mtambile.
Jicho likalitazama jeneza,
likawasha taa nyekundu, likaandika:
mzigo usio na namba.

Mwanawe, Mbarouk, hakuitazama mashine.
Alinitazama mie.
"Shaame, fungua."
Nikapapasa kifua. Uzi upo, ufunguo upo.
Tundu ndilo halipo.

Dakika arubaini na tano.
Jua la gatini mnalijua, au mnaambiwa.
Mize akavua kanga ya juu, akaitandaza kwenye jeneza
kama kwamba aliye ndani angeungua.
Hapo tena hatukusemezana.
Mie, Mbarouk, wachukuzi sita na nondo moja:
tukaling'oa.

Ndiyo, mali ya kampuni.
Ndiyo, barua ninayo: "amehatarisha usalama."
Wa nani, haikuandikwa.

Sasa mwatunga sheria, na wataalamu wenu
watabishana hisa na asilimia na vifungu.
Mie hesabu yangu ni ya kuingia na kutoka.
Mgeni njoo, mwenyeji apone; hilo silifuti.
Alete mitambo, atufunze, alipwe jasho lake
asipunjwe hata senti.

Lakini mshika funguo za mlango wa bahari
awe mtu wa kupatikana.
Hata mie, kwa yale magunia,
mngejua pa kunikuta: nyumba ya tatu, nyuma ya kisima.
Awe mtu ambaye akituudhi
twaweza kumgongea usiku huohuo,
akatoka na shuka lake kiunoni, akajibu;
na asipojibu,
mamake tukamwambia.